Je, Wajinga Ndio Waliwao?



Katika toleo hili twataka kuzungumza juu ya jambo lililotokea mpakani mwa kiwanja cha kanisa letu, nasi tuliliona kwa macho yetu. Hatutataja jina la mtu, wala hatuandiki ili kumwaibisha yeyote. Kama kuna wa kuona haya, basi ni sisi wenyewe tuandikao. Twaliandika kwa kuwa limetuachia swali ambalo hatukuweza kulimaliza katika kikao kimoja, wala viwili, vya Halmashauri ya Parokia.

Mnazijua habari za watu wapitao vijijini na mashine ya kutafutia madini ardhini, ile yenye mpini mrefu na sahani chini, iliayo inapopita juu ya kitu cha madini. Upande huu wa Tanga husemwa kwamba wanatafuta mali za Mjerumani. Basi, kiangazi kilichopita mfanyabiashara mmoja alimwomba bibi mjane, mshirika wa kanisa letu, ruhusa ya kupita katika shamba lake la minazi. Wakapatana kwamba kitakachoonekana ni cha mwenye shamba, naye mwenye mashine atakuwa wa kwanza kukinunua. Kwa kuwa shamba hilo lapakana na kiwanja cha kanisa, tuliitwa wazee watatu tuwe mashahidi.

Chini ya mwembe mkuukuu mashine ikalia. Vijana wakachimba kiasi cha mkono mmoja, wakatoa kopo lililooza, na ndani yake sarafu 11. Yule bwana akazipanga juu ya gunia, akazigeuza moja moja, akazisugua kwa kidole, kisha akatikisa kichwa. "Bibi," akasema, "hizi ni bati na shaba, tena zimekwisha kuoza. Lakini kwa kuwa nimekusumbua shambani mwako, nitakupa ya kilo mbili za sukari." Bibi akajibu, "Haya mwanangu, Mungu akubariki," akaipokea ile pesa kwa mikono miwili.

Sasa, mmoja wetu sisi watatu alipokuwa kijana alivuta mivukuto kwa sonara mjini Tanga kwa miaka kadhaa. Alizijua sarafu zile mara alipoziona. Alitutazama, nasi tukaelewa macho yake. Hakuna aliyesema neno. Yule bwana alipokuwa akiondoka alipitia ofisini, akatoa sadaka kwa ajili ya mabati ya paa la kanisa, nayo ilikuwa kubwa kuliko alichompa bibi. Tukamshukuru, tukamwandikia stakabadhi.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Kabla ya kusema lolote juu ya haki, yafaa tueleze kwanza kulikuwa na nini ndani ya sarafu zile, maana mtu hawezi kuhukumu biashara asiyojua kilichouzwa.

Lugha yetu yaita fedha yale madini meupe, tena yaita fedha hizi pesa za matumizi. Zamani mambo hayo mawili yalikaribiana sana. Kati ya zile sarafu 11, saba zilikuwa rupia za Kijerumani, zenye kichwa cha Mfalme Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya chuma. Rupia hizo zilianza kutolewa mwaka 1890 na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zikafuata kipimo kile kile cha rupia ya Kihindi iliyokuwa ikitumika pwani. Uzito wake ni gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, sehemu 917 ni fedha, zilizobaki ni shaba. Kwa hiyo rupia moja ambayo haijalika ina zaidi kidogo ya gramu 10 na nusu za fedha safi.

Sarafu ya nane ilikuwa reale ya Maria Theresa, ile kubwa yenye picha ya mwanamke mnene. Imeandikwa mwaka 1780, lakini mwaka huo usiwadanganye wasomaji. Malkia huyo wa Austria alifariki mwaka 1780, na watu wa Bahari ya Shamu na wa pwani zetu waliizoea sarafu yake hata wakakataa nyingine. Basi viwanda vya sarafu vikaendelea kuipiga kwa mwaka ule ule hata karne ya 20. Ina uzito wa gramu 28.07, na sehemu 833 katika 1,000 ni fedha, yaani gramu 23 na zaidi.

Tatu za mwisho zilikuwa shilingi za Afrika Mashariki, za Mfalme George wa Tano, zenye simba. Shilingi hizo zilianza kupigwa mwaka 1921, zikachukua mahali pa florini ya mwaka 1920. Florini ile ilikuwa na nusu fedha. Shilingi ikawa na robo tu. Uzito wake ni gramu 7.78, basi fedha iliyomo haifiki gramu mbili. Na kuanzia zile za mwaka 1948 hata robo hiyo iliondolewa, ikatumika shaba iliyochanganywa na nikeli.

Ukijumlisha zote 11, utapata yapata gramu 100 za fedha safi. Kilo mbili za sukari!

Mtu atauliza, hutambuliwaje? Kwanza, macho hayatoshi. Fedha iliyokaa ardhini huwa nyeusi kama masizi, hivyo sarafu iliyo bora aghalabu ndiyo yenye sura mbaya. Ile yenye shaba nyingi hupata kutu ya kijani. Sumaku nayo husaidia nusu tu: ikiivuta sarafu, hiyo si fedha, lakini isipoivuta, bado yaweza kuwa shaba au bati, maana hayo pia hayavutwi. Sonara ana tindikali yake, lakini huunguza vidole na kuiachia sarafu kovu. Njia iliyo safi ni mizani na maji. Pima rupia ikiwa kavu, upate gramu 11 na nusu au zaidi. Kisha ifunge kwa uzi, uipime tena ikiwa imening'inia ndani ya maji bila kugusa chombo. Rupia ya kweli itapungua gramu moja na kama sehemu moja ya kumi. Ya bandia, ya shaba nyeupe au ya manjano, yenye uzito ule ule wa kwanza, itapungua gramu moja na sehemu tatu au nne za kumi. Maji hayana upendeleo, wala hayatazami kichwa cha mfalme. Na yeyote asizisugue kwa mchanga wala kwa majivu, kwa kuwa huondoa fedha na kuharibu maandishi.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mtu ajuaye kilichomo ndani ya kitu, akikutana na asiyejua, je, ana deni la kumwambia?

Wahenga wetu wana msemo mkali: wajinga ndio waliwao. Wengi huutumia kama ruhusa. Tulipomwendea yule mfanyabiashara baadaye, alitujibu kwa maneno ambayo hatuna budi kuyapima kwa haki. Alisema, "Wazee wangu, mimi sikumlazimisha mtu. Nilitaja bei, bibi akakubali. Mashine hii nimeinunua kwa mkopo. Mashamba 20 nimechimba nikapata misumari na vizibo vya soda. Ujuzi huu nimeupata kwa hasara, na akili ni mali. Kama nitamwambia kila mtu ninachokijua, nitakula nini?"

Hayo si maneno ya kuchekwa. Fundi halipwi kwa nguvu za mikono tu, hulipwa pia kwa kile akijuacho. Mkulima ajuaye siku ya kupanda havunji haki asipotangaza kijiji kizima. Kama ujuzi wote ungekuwa wa bure, nani angejisumbua kujifunza?

Swali hili ni la kale. Mrumi mmoja, Cicero, aliandika kitabu juu ya wajibu mwaka 44 kabla ya Kristo. Humo anaeleza habari ya mfanyabiashara aliyepeleka nafaka kutoka Alexandria hadi kisiwa cha Rhodes, wakati wa njaa. Alikuwa ameziona baharini merikebu nyingine zenye nafaka zikija nyuma yake. Je, awaambie wenye njaa, bei ishuke, au anyamaze auze kwa bei ya juu? Anatuonyesha wenye hekima wawili wakibishana. Mmoja asema kunyamaza si kuficha. Wa pili asema wanadamu wote ni jamaa moja, na kumnyima mwenzio habari impasayo kwa faida yako ni kuuvunja ujamaa huo. Cicero mwenyewe aliungana na yule wa pili.

Katika karne ya 13 Mtakatifu Thomas wa Akwino aliichambua habari hiyo hiyo, akafanya tofauti ambayo imetusaidia sana. Alisema muuza nafaka hawajibiki kwa sheria ya haki kutoa habari za merikebu, ingawa akizitoa atakuwa ametenda wema mkubwa zaidi. Lakini mahali pengine anasema kwamba mtu akiuza dhahabu huku akidhani ni shaba ya manjano, na mnunuzi anajua, mnunuzi huyo amenunua kwa dhuluma, naye hana budi kurudisha.

Kwa nini hukumu ni mbili? Twaona ni kwa sababu hii. Habari za merikebu ni habari za kesho, za bei itakayokuwa. Nafaka iliyomo guniani ni nafaka kweli, na anunuaye anajua anachonunua. Lakini bibi hakujua alichouza. Alidhani anauza bati. Ridhaa yake ilikuwa ridhaa ya kuuza bati, na fedha ile iliondoka pasipo ridhaa yoyote. Mtu hawezi kukubali kuuza asichokijua kuwa anacho. Kwa hiyo aliposema "haya mwanangu," hakuwa amekubali. Alikuwa amepotezwa njia.

Tena yule bwana hakunyamaza tu. Alisema ni bati. Kitabu cha Mithali, sura ya 20, aya ya 14, kinamtaja mnunuzi wa namna hiyo, akidharauye kitu mbele ya mwenyewe, kisha akienda zake hujisifu. Miaka mingapi imepita, na mtu huyo bado yuko sokoni!

Hapo mmoja wa wajumbe wa Halmashauri alisimama na Biblia mkononi, akatukumbusha mfano wa Bwana wetu katika Mathayo 13:44. Mtu aliona hazina iliyositirika shambani, akaificha tena, akaenda akauza vyote, akalinunua shamba lile. Hatuambiwi kwamba alimweleza mwenye shamba. "Je," akauliza, "si mtu huyu huyu?"

Swali hilo lilitunyamazisha kwa kitambo. Lakini tulikumbuka kwamba Bwana wetu, ili kutufundisha jambo moja, alitumia watu wa kila namna: wakili dhalimu, kadhi asiyemcha Mungu, hata mwivi ajaye usiku. Hakuna ahubiriye kwamba tuwe wezi kwa kuwa siku ile itakuja kama mwivi. Mfano wa hazina wafundisha furaha ya yule aliyetoa vyote alivyokuwa navyo. Angalieni pia kwamba mtu yule alitoa vyote. Wetu alitoa kilo mbili za sukari.

Je, mfanyabiashara asile? La hasha, ale. Njia ipo, nayo si ngumu. Angesema, "Bibi, hizi ni fedha. Mashine ni yangu na ujuzi ni wangu, basi nipe theluthi," au, "nipe rupia mbili kati ya hizi saba." Hakuna ambaye angemlaumu. Sonara huchukua ujira wa kupima, nao ni halali yake. Kulipwa kwa ujuzi wako ni haki; kulipwa kwa ujinga wa mwenzako ni jambo jingine.

Tena, ndugu, ukweli huu hukata pande zote mbili. Wako wanaozunguka wakisema rupia ya Mjerumani ina madini ya ajabu ndani yake, kwamba yauzwa kwa mamilioni. Watu wameuza ng'ombe, wamefukua misingi ya nyumba za zamani, hata makaburi ya wazee hayakusalimika. Huyo naye hula ujinga, ila kwa kuongeza badala ya kupunguza. Rupia ina gramu 10 na nusu za fedha, pamoja na thamani yoyote atakayoiongeza mpenda vitu vya kale. Haina zaidi. Amwambiaye kijana ukweli huu hapendwi, lakini amemwokolea ng'ombe wake.

Pia tusisahau rupia zile zilifikaje ndani ya kopo. Wazee wetu walizipata kwa kubeba mizigo, kwa kulima mashamba ya wageni, na kwa kujenga reli iliyoanza Tanga mwaka 1893. Kodi ya nyumba ilipowekwa mwaka 1898, walihangaika huku na huko kuzitafuta. Pengine aliyezifukia alikuwa babu yake bibi huyu huyu. Hatuwezi kulijua hilo. Lakini jasho lililofukiwa chini ya mwembe lilikuwa la mtu.

Sasa twaja penye mzigo wetu wenyewe. Yule bwana alikuwa na njaa ya faida. Sisi tulikuwa na nini? Hatukupata hata senti mfukoni. Tulijiambia kwamba si biashara yetu, kwamba wawili wakipatana wa tatu asiingilie. Lakini tuliitwa kuwa mashahidi! Shahidi aonaye akanyamaza amewapa wengine imani ya uongo, maana bibi aliona wazee watatu wa kanisa wamesimama wala hawapingi, akaamini kwamba bei ni ya haki. Kimya chetu ndicho kilichotia muhuri. Kila Jumapili twaungama makosa ya namna mbili, yale tuliyoyatenda na yale tuliyoacha kutenda, na ulimi hupita haraka juu ya hayo ya pili.

Na ile sadaka? Hatutaki kusema kwamba ilitolewa ili tufumbe vinywa, kwa kuwa moyo wa mtu hupimwa na Mungu, si kwa mizani yetu. Lakini twajua hakika ilitoka wapi. Mabati yale ya paa yangenunuliwa kwa mali ya mjane aliyekaa chini yake akisali.

Halmashauri ilikata shauri hivi. Sarafu zilikuwa zimekwisha kuuzwa mbali, wala hazikuweza kurudi. Sadaka ile yote apelekewe bibi, nasi watatu tuongeze kutoka mifukoni mwetu, na tuipeleke wenyewe kwa miguu, tumweleze. Paa litangoja. Na tangu sasa mizani ndogo iko ofisini kwa mtunza hazina. Mshirika yeyote, na jirani yeyote asiye mshirika, aliyepata sarafu ya zamani, ailete ipimwe mbele ya watu wawili, bure, kabla ya kuiuza.

Tulikwenda siku ya Alhamisi jioni. Bibi alitukaribisha barazani, akatuletea maji, akasikiliza habari yote hadi mwisho. Tulipoweka bahasha juu ya mkeka hakuigusa. Hakutulaumu kwa sauti, wala hakumlaani yule bwana. Alituuliza neno moja tu: "Wanangu, mlikuwa mmesimama pale pale. Mbona hamkuniambia?"

Hatukuwa na jibu. Twawaletea ninyi swali hilo, wasomaji wapenzi, maana kila mmoja wetu anajua kitu ambacho jirani yake hakijui, iwe bei ya karafuu mjini, maana ya karatasi anayotiwa kidole gumba, au dawa iliyokwisha muda. Siku moja atakuwa amesimama pale pale. Na siku hiyo aseme.